Wimbo wa Saba Ambao Hakuusikiliza

Maneno yale yalimkuta Kelebonye msibani, kwenye masufuria, akikoroga uji wa mtama. Mwanamke mmoja alikuwa akimwambia mwenzake, wala hakushusha sauti, kwamba yule binti wa kwenye wimbo wa saba yuko hapahapa Mochudi, na tena karibuni anaolewa.

"Na wakwe wenyewe hawajui," akamaliza, akalamba mwiko.

Kelebonye, ambaye kijiji kizima humwita MmaGorata, yaani Mama Gorata, kwa jina la binti yake wa pekee, alicheka pamoja nao. Lakini neno lile lilimng'ang'ania kama kupe. Alirudi nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Albamu iliyokuwa midomoni mwa watu mwezi ule ilikuwa moja tu, na aliyeileta ni yeye.

Kuileta ni hivi. Mochudi kuna kundi la wapenzi wa gitaa, watu thelathini na kitu, wanaokutana Jumapili baada ya kanisa uani kwa MmaTiro, mshona nguo. Muziki wa mashine hawautaki. Wanataka mtu mmoja, gitaa lake la nyuzi nne, na maneno aliyoyatunga mwenyewe. Kila Jumapili mmoja wao husimama akapendekeza albamu, ikatumwa kwenye simu za wote. Sharti ni moja: uwe umeisikiliza mara tatu, mwanzo hadi mwisho, maana ukiileta umeidhamini kama mtoto wako. Mzee mmoja aliwahi kuleta asiyoijua, kumbe nyimbo mbili za mwisho ni matusi matupu. Mpaka leo anaitwa Nusu.

MmaGorata alileta ya Otsile. Huyu ni kijana anayezunguka vijijini na gitaa lake, na majira ya baridi yaliyopita alishinda kwake wiki nzima, akinywa maziwa yake ya mgando na kupiga taratibu akiwa ameegemea ukuta. Albamu ilipokamilika, kabla haijatoka, alimtumia. Wimbo wa kwanza ulimwita kwa jina: MmaGorata wa maziwa ya mgando, ambaye mlango wake haujui komeo.

Jina lake, ndani ya wimbo! Maisha yake yote lilikuwa limeandikwa kwenye daftari la kanisa na kadi ya zahanati, basi. Aliurudia wimbo huo mpaka simu ikazima, akaichaji, akaurudia tena. Wa pili hakuufikia.

"Umeisikiliza yote, mma?" MmaTiro alimuuliza Jumapili ile.

"Mara tatu."

"Mpaka mwisho?"

"Kwani mimi ni Nusu?"

Watu wakacheka, hata Nusu mwenyewe. "Isikilizeni kwa mpangilio wake," MmaGorata akaongeza, maana sifa zilikuwa zimeshampanda kichwani. "Msirukeruke."

Shukrani zilimiminika kwenye simu wiki nzima. Mma, huo wa saba umetuua. Mma, nimelia mpaka vitunguu vimenionea wivu. Naye aliwajibu wote kwa picha za moyo, bila kujua wanalilia nini.

Sasa, baada ya msiba, alikaa kitandani akaufungua huo wa saba.

Mama mmoja anakwenda Lobatse kila Jumamosi, kwenye hospitali wanakotibiwa wagonjwa wa akili. Amebeba kopo la maziwa ya mgando. Binti yake amesimama dirishani anahesabu kunguru. Siku moja binti anageuka, anamtazama, anamuuliza kwa adabu: Mma, wewe ni mama wa nani?

MmaGorata aliusimamisha wimbo. Swali lile aliulizwa yeye, miaka sita iliyopita. Kijiji kizima aliwaambia Gorata amepata kazi Lobatse, kwenye kiwanda cha nyama. Hata kaka yake, Ramotse, alimwambia hivyohivyo. Gorata alikaa kule miezi minane, akapona, akarudi, akaanza kazi kwenye duka la dawa, na siri ikakaa mahali pake. Mtu mmoja tu aliambiwa, mchana mmoja wa baridi, kwa kuwa alikuwa anapiga gitaa na hakumtazama usoni, na kila MmaGorata aliposita, nyuzi zilimwitikia aendelee.

Alimpigia simu Otsile.

"Lakini mma, mbona sikutaja jina la mtu."

"Langu umelitaja kwenye wimbo wa kwanza."

"Ile ilikuwa shukrani."

"Na kopo la maziwa?"

"Nilikutumia kabla ya watu wote, mma. Nikasema, akikataa huo wa saba nitautoa. Wewe ukaniandikia kwamba ni nzuri yote."

Kweli aliandika.

Akaenda kwa MmaTiro, akaomba kundi liifute. MmaTiro alitoa pini mdomoni. "Tuifute kwa sababu gani, dada yangu? Nikisema tu futeni, hata ambaye hajaunganisha mambo ataunganisha. Na wameshawatumia wenzao. Jana nimeusikia kwenye gari la kuuza mkaa."

Jumamosi iliyofuata ndiyo watu wa upande wa Phenyo, mchumba wa Gorata, walikuwa waje kumposa. Wao huja kabla jua halijachomoza, maana posa haingojei mwangaza. MmaGorata hakumwambia mtu neno. Alipika mikate, akachemsha chai. Ramotse, kwa kuwa ni mjomba wa binti, alikaa kitini na kofia na koti lake zito tangu saa kumi alfajiri. Gorata alivaa gauni la kitambaa cha shweshwe cha buluu, vazi la sherehe, shali begani.

Jua likatoka. Ng'ombe wa jirani wakapita kwenda malishoni. Chai ilipashwa moto mara ya pili, kisha ya tatu. Saa mbili simu ya Ramotse ikalia kidogo. Aliisoma akiiweka mbali na macho.

"Wanasema wamepata dharura ya kifamilia. Watatuarifu." Akavua kofia. "Dharura gani hii isiyo na jina? Dada, kuna kitu unajua?"

MmaGorata alitazama birika.

"Hakuna dharura, mjomba," Gorata akasema. "Wajomba zake Phenyo waliusikia ule wimbo baa. Walevi walikuwa wanauitikia. Phenyo alinipigia juzi, akaniambia nivae tu, huenda akawabembeleza wakaja."

"Wimbo gani?"

"Muulize mama. Ndiye aliyeuleta."

"Mwanangu," MmaGorata akasema, "Phenyo asingejua, kama si yule mpiga..."

"Phenyo anajua. Nilimwambia mwenyewe mwaka jana. Akasema hayo ni yetu wawili, hayatoki." Gorata alikuwa anakunja shali, pembe kwa pembe. "Mimi niliyeugua nilijua wa kumwambia. Wewe uliyekuwa mzima ukampa mpita njia."

"Alikuwa anapiga gitaa, nikajikuta naongea."

"Na siku ulipowaambia watu wasirukeruke? Alikuwa anapiga gitaa pia?"

Gorata akaweka shali mezani kando ya mikate, akamtazama mama yake sawasawa, kwa macho ya mtu mwenye akili zake timamu.

"Mma," akasema, "wewe ni mama wa nani?"

Jumatatu Gorata alihamia Gaborone. Namba yake haipatikani. Kundi la MmaTiro liliichagua albamu ile kuwa bora ya mwaka, na kijijini bado wanamwita MmaGorata, naye bado anaitika.

Basi wewe mzazi unayesoma, epuka haya:

Kumsimulia mtunga nyimbo siri ya mtoto wako, hata kama hakutazami.

Kupendekeza albamu uliyoisikiliza wimbo mmoja.

Kuuamini wimbo kwa sababu umekutaja jina.

Kusema "ni nzuri yote" kabla hujafika mwisho.

Kumficha mtoto aliyeugua kana kwamba ameiba.

Kunyamaza wiki nzima ukichemsha chai.