Gando la Ruba

Binti yangu Ruba alifariki mwezi wa Agosti, na barua ya Sardana ikaja Oktoba. Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Sardana anatoka Yakutsk, mji wa Urusi uliojengwa juu ya ardhi iliyoganda. Yeye na Ruba walikuwa wakiisomea ardhi hiyo, udongo ambao chini hauyeyuki, kiangazi kije kiende, miaka na miaka. Wao na wenzao wanane walianzisha mtandao wa vijana watafiti wa jambo hilo, ili aliye Mongolia amjue aliye Kanada, na anayekaa peke yake mlimani na vipimajoto vyake apate wa kumuuliza. Ruba ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Mikutano yote waliifanya kwenye kompyuta, yeye akiwa hapa nyumbani Bawshar, mtaa wa Maskati, ndani ya majlisi, chumba chetu cha wageni, mlango kaufunga ili televisheni ya mama yake isisikike.

"Tutakuja Maskati Januari kama Ruba alivyopanga," aliandika Sardana kwa Kiingereza. "Tunakuomba wewe, baba yake, ufungue mkutano kwa kutueleza maana ya jina letu. Alituambia ni neno la lugha yenu, na kwamba lugha hiyo alifundishwa na wewe."

Jina lao ni Gando. Shida yangu ilikuwa hapo.

Mimi si msomi. Nilimaliza sekondari nikaingia kazi ya ufundi wa vyumba vya baridi, vile vikubwa vya kuwekea samaki, nikaifanya miaka thelathini na minne. Ruba alipokuwa na miaka tisa nilimchukua kwenye ghala moja ambalo sakafu yake ilikuwa imeinuka katikati kama tumbo. Wenzangu walidhani ni msingi mbovu. Tulipovunja saruji tukakuta udongo wa chini umekuwa mgumu kama jiwe. Baridi ya chumba ilikuwa imepenya kidogo kidogo kwa miaka, maji ya ardhini yakaganda, yakavimba, yakainua sakafu. Nje ilikuwa Juni, jua la kubabua. Ruba akaweka kiganja juu ya ule udongo, akakiacha hapo.

"Baba, nani kaugandisha?"

"Kompresa, ile mashine ya kutia baridi."

"Na pasipokuwa na kompresa, kuna mahali udongo uko hivi?"

Sikujua. Nilimwambia aulize skuli.

Alipozaliwa, shangazi yangu alikataa kulitamka jina lake. Kwa Kiarabu, ruba ni vilima. Kwa Kiswahili ni yule mdudu wa kinamasi anayekung'ang'ania mguuni akakunyonya damu. "Mtoto mzuri hivi mnamwita ruba?" alisema. Lakini baadaye, kila Ruba alipokazania jambo, shangazi huyo huyo alikuwa akisema, "Mwacheni. Ruba haachi mpaka ashibe." Na kweli hakuacha. Alitoka kwenye lile ghala akafika Svalbard, kule juu kabisa ya ramani, na ndiko alikokutana na Sardana.

Walipoanzisha mtandao waligombana juu ya jina. Kila mtu alikuja na neno la kwao, na kila neno likapata mtu wa kulikataa. Ruba akasema wachukue Kiswahili, kwa sababu hapo hapakuwa na mwenye ugomvi nacho. Alijua kuganda, akajitungia gando. Wakapiga kura, wakachora nembo, wakachapisha fulana. Siku fulana zilipofika alikuja sebuleni ameikunjua moja kwa mikono miwili.

"Soma, baba."

"Gando," nikasoma. "Gando la kaa?"

"La kaa vipi? Si linatokana na kuganda?"

"Mwanangu, gando ni ule mkono wa kaa. Ule wa kuminyia."

"Wallahi?"

"Muulize mama yako."

Mke wangu Zakiya alikuwa jikoni, na hakungoja kuulizwa. "Tena Pemba kuna kijiji cha Gando. Waambie wenzako wakafikie huko, watapata na wachumba."

Nilicheka mpaka nikavua miwani. Kiswahili cha Ruba kilikuwa cha nyumbani, cha kula na kulala na kugombezwa. Kaa alimjua akiwa sahanini, keshavunjwavunjwa. Naye alicheka mwanzo, halafu akajifunika uso kwa ile fulana.

"Zishakwenda nchi kumi na nne, baba. Usimwambie mtu. Niahidi."

Nikamwahidi.

Miezi minane baadaye akaugua ugonjwa wa damu. Wiki tatu tu. Sitaandika zaidi juu ya hizo wiki tatu.

Kwa hiyo nilikuwa na barua ya Sardana mkononi, na ahadi. Aliye hai unaweza kumrudia ukamwomba akufungulie ahadi yako. Aliyekufa humwendei. Nilimjibu Sardana kwamba nitakuja, nikaandika hotuba ya sentensi moja: Gando ni kutokana na kuganda, karibuni Maskati. Nikamsomea Zakiya.

"Sasa huo si uongo?"

"Nnatimiza ahadi."

"Haya," alisema, kwa ile haya yake ambayo si ya kukubali.

Walikuja ishirini na wawili. Maskati Ruba aliichagua kwa sababu wote wangeweza kuingia. Nchi zao nyingine zimenuniana, huyu hapati viza ya kwa yule. "Tumekosa pa kukutana kuzungumza baridi," aliniambia, "isipokuwa kwenye joto." Siku ya kwanza walikuja kwetu kula chakula cha mchana. Mlangoni kulijaa viatu vizito vya kupandia milima, vimechanganyika na kandambili zetu. Zakiya alipika wali wa nazi na mchuzi wa samaki, na aliposikia Sardana anaomba pilipili zaidi akampenda papo hapo.

Kijana mmoja mwembamba alikuja kukaa karibu yangu. "Shikamoo, mzee. Naitwa Godson, natoka Moshi."

"Marahaba, mwanangu. Moshi kuna baridi gani ya kutafiti nyinyi?"

"Juu kabisa, mzee, kileleni Kibo. Kuna sehemu ukichimba, udongo umeganda. Dada Ruba ndiye aliyeniandikia kwanza. Mimi nilikuwa sijui kama kuna mtu mwingine anajali."

Alikula kidogo, akaangalia mlangoni, akarudi kwangu.

"Mzee, naomba niseme jambo, usinielewe vibaya. Ni hili jina. Mimi mtu wa bara, bahari nimeiona ukubwani, lakini gando nalijua."

"Na mie nnalijua."

Akashusha pumzi. "Basi, mwaka mzima nimenyamaza. Mikutano yote. Nilisema nikilitaja nitamwaibisha dada mbele ya watu."

"Ulifanya vizuri."

"Ila kesho ni kazi. Yule pale, Eirik, wa Norwe, atatoa hoja jina libadilishwe. Kuna taasisi kubwa inataka kutuchukua, tuwe tawi lao la vijana, kwa jina lao. Eirik siyo mtu mbaya, mzee. Anasema tu kwamba Gando hakuna anayelielewa, na aliyelileta hayupo tena."

"Na hao wakubwa watawachukua nyote?"

Godson alimwangalia Sardana, aliyekuwa anamfundisha Zakiya kutamka jina la mji wao. "Taratibu zao haziruhusu watu wa Urusi. Sardana na wenzake wawili watasubiri nje kwanza."

"Mpaka lini?"

"Hawajasema. Halafu, mzee, kesho wakiniuliza mimi maana ya jina, niseme nini? Nimelelewa kanisani, uongo unanishinda."

"Na msikitini unadhani tunafundishwa nini?"

Alicheka, kisha akaona haya kucheka katika nyumba ya msiba. Nikamwongezea wali.

Walipoondoka nilikaa peke yangu pale majlisini, kwenye kiti chake. Ruba alinifunga mdomo kwa ajili ya fulana, wakati alipodhani kwamba kitu pekee anachoweza kupoteza ni uso wake. Watu wale aliwakusanya mmoja mmoja, kwa barua, kwa miaka. Angejua kwamba Sardana ataachwa nje ya mlango, angesimama yeye mwenyewe aseme, nilikosea, nichekeni nyote. Nilikuwa na hakika ya hilo kuliko nilivyokuwa na hakika ya hotuba yangu. Nikaichana.

Baada ya sala ya alfajiri niliendesha gari hadi Yiti. Nilimkuta mvuvi anachambua nyavu zake ufukweni, nikamwambia nnataka kaa mmoja, mzima.

"Mmoja? Una paka mgonjwa?"

"Nna mkutano."

Aliniangalia, akanyanyua kaa kutoka kwenye ndoo, akataka kumrudisha. "Huyu ana kasoro. Gando moja limekatika zamani, sasa ndiyo linaota jingine. Nikupe mwengine."

Lilikuwa dogo, jeupe, kama la mtoto wa kaa lililobandikwa kwa mkubwa. Lile jingine lilikuwa zima na lenye nguvu.

"Nipe huyo huyo," nikasema.

Ukumbi ulikuwa katika hoteli moja Qurum. Niliingia na sanduku langu la baridi, lile la kazini, ndani yake kaa amefunikwa kwa gunia bichi. Kiingereza changu nilikipata kwenye vitabu vya kompresa, kwa hiyo nilisema polepole.

Niliwaambia habari ya ghala na sakafu iliyoinuka. Niliwaambia kwamba ardhi iliyoganda Ruba aliigusa mara ya kwanza hapa hapa Maskati, mwezi wa Juni. Hilo walilipenda, wengine wakaandika. Kisha nikamwomba Sardana penseli yake, nikafungua sanduku.

Kaa aliikamata penseli kwa lile gando zima. Nikainyanyua juu, na kaa akaja nayo, anachezesha miguu hewani. Walioketi mbele wakarudisha viti nyuma.

"Hili ndilo gando," nikasema. "Halina uhusiano na baridi. Binti yangu alikosea. Alilitunga kutokana na kuganda, hakujua kwamba neno lipo na lina mwenyewe. Alipojua, aliona haya, akaniomba nisimwambie mtu, na nikaahidi. Leo nnaivunja ahadi hiyo mbele yenu."

Godson alikuwa ameinamisha kichwa.

"Jina ni lenu, mbadilishe mkitaka. Mimi fundi tu. Lakini nnataka mjue mnabadilisha nini. Kaa akikamata kitu kwa gando, usimvute. Ukimvuta huminya zaidi. Ukimvuta kwa nguvu sana, gando hukatika likabaki na wewe, naye akaenda zake." Nikawaonyesha lile dogo jeupe. "Na likikatika, huotesha jingine. Huchukua muda."

Nikamrudisha kaa sandukuni pamoja na penseli.

Wa kwanza kucheka alikuwa Sardana. Alianza kimya kimya, mabega tu, halafu akaziba mdomo, machozi yakamtoka. "Mkono wa kaa," alisema. "Mwaka mzima navaa mkono wa kaa. Nimekutana na waziri nimeuvaa." Ukumbi mzima ukamfuata. Nilicheka na mimi, mara ya kwanza tangu Agosti, na nikavua miwani kama siku ile.

Eirik alisimama wakiwa bado wanacheka. Alinishukuru, akasema kwa adabu kwamba hoja yake bado ipo na afadhali wazungumze. Nilimheshimu kwa hilo. Mimi si mwanachama, kwa hiyo nilitoka na sanduku langu, nikakaa kwenye kiti cha korido.

Walizungumza kwa muda wa karibu saa mbili. Godson ndiye aliyetoka.

"Mzee, kumi na saba kwa watano. Jina limebaki. Ile taasisi tutashirikiana nayo, ila hatuhamii kwao."

"Na Sardana?"

"Kachaguliwa mwenyekiti. Eirik alikuwa kwenye wale watano, na ndiye aliyejitolea kuandaa mkutano ujao, Mongolia. Mimi simwelewi."

"Usimwelewe. Mshukuru."

Mchana tulishuka sote pwani ya Qurum. Sardana alimtia kaa majini pamoja na penseli, na alipohisi maji, kaa aliiachia mwenyewe, akaondoka ubavu ubavu mpaka hakuonekana. Sardana akaiokota penseli. Ilikuwa na alama mbili za meno ya gando, akamwonyesha kila mtu.

Zakiya aliponiuliza jioni ilikuwaje, nilimwambia nimesema kweli. "Haya," akasema, na safari hii ilikuwa ya kukubali.

Katika ukurasa wao wa intaneti kuna orodha ya lugha, na mbele ya kila lugha neno la kwao la ardhi iliyoganda. Mbele ya Kiswahili, Ruba alikuwa ameandika gando. Wamelifuta hapo, kwa kuwa sasa ni jina la mtandao tu, na nafasi iko wazi. Mimi na Godson tumepewa kazi ya kutafuta neno la kujaza, kabla ya mkutano wa Mongolia. Ndiyo sababu ya kuandika haya yote, nisisahau nani alisema nini. Godson hunipigia simu kila Ijumaa baada ya sala. Anajua saa.

"Shikamoo mzee. Vipi mgando?"

"Marahaba. Mgando ni kama jina la ugonjwa."

"Sakitu?"

"Sakitu ni ya juu ya majani, jua likitoka nayo imekwenda. Sisi tunataka la chini. La kukaa."

"La kukaa," anasema, nami nasikia anaandika. "Sawa, mzee. Nipe mpaka Ijumaa."