Miwani Anakula kwa Kushoto

Ugomvi uliotaka kuivunja karakana ya shangazi yangu haukuletwa na mume wa mtu. Uliletwa na wanaume wawili wa wino.

Karakana yenyewe ni chumba kimoja kirefu. Shangazi anakaa karibu na mlango kwenye meza ya kukatia, na mkasi wake umefungwa utepe mwekundu ili tujue kwamba si wa kugusa. Nyuma yake yuko Mama Pacha na ovaloki, mashine ya kufunga kingo zisifumuke, kisha Bi Harusi na cherehani ya kawaida. Bi Harusi hajaolewa. Amechumbiwa, na huu ni mwaka wa nne. Jina tulimpa mwaka wa kwanza tukidhani halitakaa sana. Dirishani yuko Mzee wa Pasi, mwanamume pekee humu ndani, ambaye anasema amezoea joto na makelele. Mimi nakaa kwenye kigoda chini ya kile kioo kirefu wanachojitazamia wateja wakijaribu nguo. Kazi yangu ni vifungo na vitundu vyake. Wananiita Kifungo, kwa sababu ya kazi na kwa sababu ya mdomo wangu uliofungwa.

Kila siku ikifika saa nane mchana, shangazi huzima mashine zote. Tunaita saa ya mkono: tunakunja pindo, tunatia vifungo, tunafumua palipokosewa. Zamani saa hiyo ilikuwa ya kuwasengenya wateja. Siku hizi tunasoma.

Aliyetuletea kusoma ni nesi mmoja aliyekuja kushonesha sare sita. Alitukuta tunapiga miayo, keshoye akaja na sanduku la manga, vitabu saba vya picha kutoka Japani vilivyotiwa Kiswahili. "Someni," akasema. "Mtanirudishia siku nitakayochukua sare. Mkivipenda, cha nane na kuendelea viko nyumbani."

Hadithi ni ya msichana anayetengeneza miavuli kwenye duka aliloachiwa na baba yake. Majina yao yalitushinda ulimi, tukawabatiza upya. Yeye tukamwita Fundi Miavuli. Wanaume wanaomzunguka ni wawili. Wa kwanza ni mbeba mizigo wa stesheni, mtu wa maneno matatu kwa siku, ana alama ya kisu shavuni. Huyo ni Kovu. Wa pili ni mwalimu wa muziki, mpole, anavunja mwavuli mmoja kila wiki ili apate sababu ya kurudi dukani. Huyo ni Miwani.

Bi Harusi ndiye aliyetusomea. Mimi shule niliishia darasa la nne. Herufi nazijua, ila zikija nyingi kwa pamoja hunibana kama wageni kwenye mlango mmoja. Manga ilinifaa. Maneno ni machache, na picha iko pembeni inakushika mkono. Kigoda changu nilikisogeza nyuma ya bega la Bi Harusi, nikawa nafuata kidole chake. Kufika kitabu cha nne nilikuwa nafika mwisho wa ukurasa kabla yake. Sikumwambia mtu. Niliomba tu visiishe.

Mama Pacha alikuwa upande wa Kovu tangu ukurasa wa kwanza.

"Mwanamume wa kweli ni yule," alisema. "Paa la duka lilipovuja nani alipanda? Kovu. Alisema nini? Hakusema kitu."

"Hakusema kwa sababu hana la kusema," alijibu Bi Harusi. "Utaishi na mtu kama kabati?"

"Kabati linatunza nguo, mwenzangu. Huyo Miwani wako anatunza nini? Na usimsomee Kovu kwa sauti hiyo!"

"Sauti gani?"

"Hiyo ya fisi. Miwani unamsoma kama unamwimbia mtoto, Kovu unamkoromea."

Mzee wa Pasi alipoulizwa, alisema yeye yuko upande wa miavuli.

Mpaka hapo ilikuwa raha. Mambo yaliharibika kitabu cha tatu, Miwani alipokaribishwa chakula. Mama Pacha aliruka kwenye kiti, pindo likaanguka.

"Mmeona? Mmeona wenyewe? Anakula kwa kushoto!"

Tuliinama wote. Kweli, vijiti wanavyolia chakula vilikuwa mkono wa kushoto.

"Mkono si tabia," alisema Bi Harusi, lakini uso ulimshuka.

"Mkono si tabia? Aje kuposa kwa mkono ule? Awape wakwe mkono ule? Mtazame Kovu ukurasa wa pili. Maskini, mbeba mizigo, lakini kulia safi kabisa. Malezi hayo!"

Tangu siku hiyo Bi Harusi hakupumua. Akisema Miwani ana huruma, anaambiwa anakula kwa kushoto. Akisema amesoma, kasomea wapi, mbona hakufundishwa kula? Kitabu cha tano Miwani alionekana na pete, na Mama Pacha akasema huyo keshaoa. Bi Harusi akamwekea kidole palepale. "Iko mkono wa kulia. Pete ya uchumba huvaliwa kushoto, mimi nazijua pete. Hiyo ni urembo."

Jumatano tukiwa kitabu cha sita, saa ya mkono ilikwisha lakini wao hawakuisha. Mashine ziliwashwa nao wakabishana juu ya mashine. Mama Pacha alipitisha mikono ya sare ya nesi kwenye ovaloki, akamrushia Bi Harusi bila kutazama, Bi Harusi akaishona bila kutazama. Jioni shangazi aliivalisha sanamu ya kupimia nguo. Sare ilikuwa na mikono miwili ya kushoto. Upande wa kulia kiwiko kilitazama mbele, kana kwamba nesi amevunjika akaungwa na mlevi.

Shangazi hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa afadhali.

"Jumamosi nesi anakuja," alisema. "Sanduku litaondoka naye, na hicho cha nane abaki nacho. Sitaki kitabu tena humu ndani. Labda nyinyi wawili mpatane kabla ya hapo, nione kwa macho yangu."

Hawakupatana. Alhamisi walikuwa wanapitishia maneno kwangu.

"Kifungo, mwambie huyo anipe chaki."

"Kifungo, mwambie huyo chaki iko mbele ya pua yake."

Nami nilikaa katikati na sindano, naona shule yangu inafungwa kwa mara ya pili.

Ijumaa wakati wa chakula walitoka nje, kila mmoja na mlango wake, na mlango ni mmoja tu. Mimi nilibaki. Nilitoa vitabu kwenye sanduku nikavifungua kuviaga. Sikusoma. Nilitazama nguo tu, kama anavyotazama mtu wa kazi yangu.

Nilimtazama Kovu, koti lake. Nikahisi kitu kama kijiwe kwenye wali. Vifungo vyake vilikuwa upande wa kushoto.

Shati la kiume vifungo hukaa kulia kwa mvaaji, vitundu kushoto. La kike ni kinyume chake. Hilo ndilo jambo la kwanza shangazi alilonifundisha, na nilipolikosea aliniambia nifumue mashati kumi na mawili. Nikasema labda Kovu kapewa koti la dada yake. Nikamtazama Miwani: kike. Mkuu wa stesheni: kike. Askari, watoto wa shule, hata marehemu baba kwenye picha ya ukutani, wote wamefungwa kike. Na mifuko ya kifuani, ambayo sisi huiweka kushoto, yao yote ilikuwa kulia.

Mchoraji mmoja anaweza kukosea koti moja. Hawezi kukosea mji mzima.

Nikiwa bado nimekishika kitabu, niliinua kichwa nikajiona kwenye kioo cha wateja. Kwenye kioo, kifungo cha blauzi yangu kilikuwa upande wa kiume.

Niligeuza kitabu kikatazama kioo.

Saa nane mashine zilizimwa. Hakuna aliyegusa sanduku. Sindano zilisikika zikipita kwenye kitambaa.

"Miwani hali kwa kushoto," nilisema.

Mama Pacha aligeuka akaitazama redio ya rafuni, akidhani ndiyo iliyosema. "Nani amesema?"

"Mimi."

"Kifungo?" Mzee wa Pasi aliinua pasi, mvuke ukampiga usoni. "Kumbe una sauti, mwanangu!"

Masikio yaliniwaka. Nilitaka kurudi kwenye vitundu vyangu, lakini Jumamosi ilikuwa kesho. Nikawaonyesha koti la Kovu.

"Wanaume wote humu wamefungwa vifungo kike."

"Mchoraji hajui kushona," alisema Mama Pacha.

"Hata askari? Hata marehemu?" Nikafunua kurasa moja baada ya nyingine. "Na mifuko yote iko kulia."

Mkasi wa shangazi ulisimama katikati ya kitambaa. Jambo hilo sikuwa nimeliona hata siku moja.

Nilisimama nikakishika kitabu mbele ya kioo. Walikuja wakajazana nyuma yangu. Kwenye kioo maneno yalipinduka yakawa hayasomeki, lakini vifungo vyote vilihama vikakaa mahali pake, na mifuko pia. Na Miwani, na vijiti vyake, na ustaarabu wake wote, alikuwa anakula kwa mkono wa kulia.

"Uchawi huo," alisema Mama Pacha, kwa sauti ndogo.

"Si uchawi. Imeandikwa." Nilifunua ndani ya jalada la nyuma, penye maandishi madogo kama mayai ya chawa. Bi Harusi alinyoosha mkono apokee asome. Kisha akanitazama, akaurudisha mkono.

Nilisoma mwenyewe. "Wajapani hu-anza kulia... kwenda kushoto. Picha... zimegeuzwa... ili kumrahisishia msomaji." Ilinichukua muda. Hakuna aliyenimalizia neno.

Kisha Bi Harusi alipiga kigelegele mpaka mpita njia akachungulia dirishani. "Miwani wangu! Miezi miwili mnamtukana mtoto wa watu!"

"Ngojeni kwanza," alisema Mzee wa Pasi, ambaye kumbe hakuwa upande wa miavuli. "Mgeuzeni na Kovu."

Nilifunua ukurasa wa pili, nikaupeleka kwenye kioo. Hata kabla sijaunyoosha vizuri, Mama Pacha alikaa chini juu ya rundo la vitambaa.

Kushoto. Bakuli mkono wa kulia, vijiti kushoto.

"Aje kuposa kwa mkono ule?" Bi Harusi alisema taratibu, akilionja kila neno. "Awape wakwe mkono ule?"

"Mkono si tabia," alisema Mama Pacha.

Mzee wa Pasi alicheka mpaka akaweka pasi chini. Lakini Mama Pacha hajazaa pacha kwa kukata tamaa. Akainuka. "Pete! Leteni ile pete, kitabu cha tano!"

Kicheko cha Bi Harusi kilikatika. Sikutaka kufunua, lakini walinitazama wote. Nikafunua. Kwenye kioo pete ilikuwa mkono wa kushoto, kidole kilekile ambacho Bi Harusi amevaa ya kwake.

Alitazama picha, akatazama kidole chake. Nikasema moyoni basi, nimeharibu zaidi. Mama Pacha naye aliona, akafumba mdomo, na Mama Pacha kufumba mdomo ni kazi kubwa.

"Kumbe na yeye," alisema Bi Harusi hatimaye, "yuko mtu huko anamsubiri mwaka wa nne." Bega likaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. "Wanaume nyinyi! Hata wa karatasi!"

Mama Pacha alimshika mkono, wakacheka pamoja wameegemeana, mmoja hana mposaji, mwingine ana mposaji wa mkono wa kushoto.

"Acheni upuuzi," alisema shangazi kutoka mezani. "Pete ile ni ya marehemu mama yake. Si anasema mwenyewe pale kwenye jukwaa la treni?"



Sisi tulikuwa kitabu cha sita. Jukwaa la treni halikuwepo hata ukurasa mmoja.

"Shangazi," niliuliza, maana mdomo ukishafunguka una tabu kufunga, "jukwaa lipi?"

Shangazi aliinama akakata kitambaa ambacho hakikuwa na alama ya chaki. "Kazi," alisema. "Fanyeni kazi."

"Amekisoma cha saba!" alisema Mzee wa Pasi. "Analifungua sanduku sisi tukiondoka!"

"Na Fundi Miavuli anapanda treni na nani?" aliuliza Bi Harusi.

"Sisemi."

"Shangazi, na nani?"

"Nimesema sisemi! Msome wenyewe, kwa nini nyinyi mfanyiwe rahisi?" Kisha akaona kwamba ametuamuru kusoma vitabu alivyovipiga marufuku, na mkasi wa utepe mwekundu ukamponyoka mkononi.

Jumamosi nesi alikuja. Sare zote sita zilikuwa na mkono wa kulia na wa kushoto. Mama Pacha na Bi Harusi walizikagua mara mbili, mmoja akishika, mwingine akipima. Nesi alijitazama kwenye kioo, akaridhika.

"Na sanduku langu?"

Sote tulimtazama shangazi. Alilikalia. Tena alikuwa amelikalia tangu asubuhi.

"Sanduku bado," alisema. "Njoo Jumamosi ijayo. Na ukija, usije mikono mitupu."

Nesi alicheka. "Cha nane nitaleta. Nyinyi mko kwa nani?"

Tulijibu wote kwa pamoja, na majibu yalikuwa matatu.

Saa nane mashine zilizimwa. Bi Harusi alichukua kitabu cha saba, akasafisha koo. Shangazi alimnyang'anya.

"Wewe unampendelea Miwani mpaka kwa sauti," alisema, akakitupa mapajani pangu. "Kifungo, soma. Na usikimbie, hatuna treni ya kuwahi."

Nikasoma. Kovu nilimpa sauti ya kawaida, na Miwani vilevile, kwa hiyo upande wangu hadi leo hawajaujua.