Mluzi wa Mlango wa Baba

Ule mluzi sitausamehe mpaka naingia kaburini. Watu wananicheka, eti Agatha ana kisirani na upepo. Wacheke tu, hawakuwa kwenye lile gari.

Baba yangu, mzee Ladislas, alikuwa dereva wa malori ya tumbaku Katumba kabla hajarudi kwetu Majimoto kulima mpunga. Uzeeni akabaki na pikapu moja kuukuu, halafu ugonjwa wa koo ukamwachia mnong'ono tu. Nikawa namwendesha mimi hospitali Mpanda. Tukishika lami tu, gari likikolea mwendo, fyuuuu! Pale pale juu ya sikio lake, na yeye anaongea.

Maana alikuwa haongei mahali pengine. Nyumbani baba wadogo wamejaa, na gari likisimama anafunga mdomo. Dereva huyo! Ya njiani husemwa njiani, ndivyo alivyozoea.

Na alikuwa na jambo la kusema. Mama alifia kwao Kabungu wakati wa masika, barabara imekatika, akazikwa hukohuko. Sasa baba je, alale Majimoto na baba zake, au amfuate mama? Ukoo ulishagawanyika, na yeye mwenyewe yu hai! Kwetu mtu anataja mahali pake pa kuzikwa kwa mtoto mmoja, mara moja tu. Kurudia ni kukiita kifo. Baba alinichagua mimi.

"Nitakuambia njiani," alininong'oneza tukiwa karibu na Sitalike, nimemwinamia hadi nusura tuingie mtaroni. "Lakini tengeneza kwanza hili gari. Mimi sirudii."

Nikalipeleka kwa fundi Hezron, Mpanda. Akabana karatasi mlangoni, akaivuta, ikateleza ikatoka bila kukwama. "Mpira wa kuziba mlango umekufa," akasema. Tukabadilisha mpira. Mluzi ukabaki. Akaziba kila upenyo kwa selotepu, kioo cha mbele, vioo vya pembeni, milango yote, tukaenda barabarani tukibandua kipande kimoja kimoja. Gari kimya, kimya, kimya. Tulipobandua juu ya mlango wa abiria, fyuuuu!

"Huyu hapa mchawi wako," Hezron akacheka. Fremu ya kioo cha mlango ilikuwa imebenuka nje. Akashusha kioo, akakita goti mlangoni, akaivuta ndani kwa mikono miwili. Tukajaribu. Nilisikia saa yangu ikitembea. Jamani, nililia kwa furaha.

Safari iliyofuata na baba, mluzi huo hapo, na mkubwa kuliko wa kwanza. Nilirudi kwa Hezron nimefura.

"Umenifanyia kazi gani wewe?"

"Punguza hasira, dada. Nani anakaa upande huu?"

"Mzee."

"Hebu apande nimwone."

Baba alisimama, akapeleka mikono yote juu ya fremu, akaning'inia pale kwa uzito wake wote, akajivuta mpaka ndani. Chuma kikalia. Hezron akanionyesha fremu, imebenuka tena. Kumbe ndiyo hivyo. Kadiri miguu ilivyomwishia nguvu, ndivyo alivyouvuta ule mlango, na ndivyo upepo ulivyozidi kula sauti yake.

"Baba, nishike mimi basi," nikamwomba.

"Sijafikia kubebwa kwenye gari langu."

Ungemwambia nini? Hezron akamfungia mkanda wa kushikia ndani. Hakuugusa hata siku moja. Mikono ilikwenda pale pale ilipozoea. Tukawa tunanyoosha, anapinda, tunanyoosha, anapinda, na mimi nashindwa kumgombeza, maana ni baba.

Mwishowe daktari akasema tumrudishe nyumbani. Asubuhi ile Hezron alinyoosha fremu tena, halafu tukambeba mimi na yeye tukamkalisha. Baba hakukataa, na hapo ndipo moyo uliponishuka. Mlango ukafunga vizuri kabisa.

Baada ya Sitalike nikakanyaga mafuta. Kimya. Nilisikia rozari ikigongana mfukoni mwake.

"Baba, sema sasa. Hakuna upepo."

Akatazama barabara mbele, kidereva. Midomo ikacheza. Sauti haikutoka, hata ule mnong'ono haukutoka, na yeye hakujua. Alimaliza, akashusha pumzi, akanipigapiga mkononi kama mtu aliyetua mzigo.

Nikafunga breki. "Baba! Ni kwa mama? Tikisa kichwa tu, baba yangu, nakuomba!"

Gari lilikuwa limesimama. Akafumba macho. Nikawasha, nikaendesha tena, nikamsihi mpaka Majimoto, hakufungua tena mdomo wala macho. Nililia njia nzima bila kuweza kufanya chochote.

Msibani pale Majimoto, watu wameketi uani na vijana wameshika majembe, baba mdogo Thadei akaniita mbele.

"Agatha, kaka alikuambia?"

"Aliniambia, baba mdogo."

"Wapi?"

Nilitamani niseme Kabungu. Mungu anajua nilivyotamani. Lakini unawezaje kumwekea marehemu neno kinywani?

"Sikusikia," nikasema.

Baba mdogo akawageukia vijana. "Haya, chimbeni hapa."