Mwimbaji Asiye na Pa Kusimama

Mpimaji ardhi mmoja, ambaye ofisini walimwita Sentimita, alitaka muziki wa maana sebuleni kwake. Kabla ya kununua chochote aliomba ushauri, na hapo ndipo alipojitia kitanzini. Mhasibu alimwambia aanze na amplifaya, maana spika bila nguvu ni kabati tu. Mchora ramani akasema amplifaya zote ni zilezile, aanze na spika. Dereva wa ofisi, ambaye hakuwa hata na redio ya mkononi, akaapa kwamba siri yote iko kwenye waya. Mjadala ulikula saa za chai za miezi miwili, na ramani za watu zikalala mezani.

Mwishowe Sentimita akanunua spika kubwa mbili, akaziunga kwenye amplifaya kuukuu aliyoachiwa na kaka yake. Akavuta futikamba, akatafuta pale sauti za pande mbili zinapokutana, akaweka hapo kiti kimoja chenye mgongo wima na kukizungushia alama za chaki.

Kesho yake mama mkwe akaja kwa matibabu ya goti. Alivitazama viti vyote, akakaa kwenye kile kilichonyooka. Wiki tatu hakukihama.

Nani wa kumwambia mama mkwe ainuke? Sentimita alimdokezea mkewe; mkewe akamjibu akamwambie mwenyewe. Basi akawa anasikiliza kasimama mlangoni pa jikoni, na muziki ulimfikia hapo umepooza. Akakata shauri kwamba mhasibu alisema kweli, tatizo ni amplifaya. Alipoyatamka hayo, mama mkwe, aliyefundisha kwaya miaka thelathini, akaweka kikombe chini.

"Baba, huyu mwimbaji mbona hana pa kusimama? Mara sauti yake iko dirishani, mara nyuma ya kabati. Mnunulie utakacho, bado atatangatanga."

Sentimita akatabasamu kwa adabu, kama mtu anavyomtabasamia mkwe asiyejua mambo ya mitambo. Lakini mkewe alimkazia macho, ikabidi apige magoti nyuma ya spika. Kwenye ile ya kushoto, waya mwekundu ulikuwa umechomekwa kwenye tundu jeusi, na mweusi kwenye jekundu. Akazibadilisha kimyakimya.

"Haya, sasa kasimama katikati," mama mkwe akasema, akairudia chai yake.

Ofisini Sentimita alieleza kwa kirefu jinsi alivyoigundua kasoro hiyo kwa vipimo. Mhasibu akaleta amplifaya yake nyumbani kwa Sentimita ijaribiwe, mchora ramani akaleta spika, dereva akaja na waya. Wakajibanza kwenye kochi wakijifanya wanasikiliza, kumbe wote wanamtazama mama mkwe usoni.

Goti lilipopona, mama akaaga. Sentimita alimsihi abaki japo wiki moja, kwa unyenyekevu uliomshangaza mkewe, lakini mama alishaikumbuka kwaya yake. Alipoondoka, mpimaji akakaa hatimaye kwenye kile kiti, akafumba macho, akasikiliza wimbo mzima. Akaurudia. Kisha akamwita mkewe na kumuuliza, kwa sauti ya chini, kama kwa maoni yake mwimbaji amesimama au ameketi.