Mkono wa Mama Vifungo

Asubuhi ya darasa, Mama Vifungo alifika maktaba kabla mlango haujafunguliwa, akakaa kwenye ngazi, akainuka, akakaa tena. Ndani aliifuta kompyuta yake kwa pindo la gauni, akasogeza kiti mbele, akakirudisha nyuma, kisha akakisogeza upya. Mzee Posta, mstaafu wa kazi ya kupanga barua, alimtazama weee mpaka akacheka.

"Kwani kiti kina misumari, dada?"

"Nipigie mwanangu hiyo simu, kaka, ndipo nitatulia."

"Unapiga mwenyewe. Mikono yangu iko likizo."

Ndiyo ilikuwa sheria ya darasa lao la wastaafu. Mwenye kujua kitu alimfundisha asiyejua, na aliyefundisha aliweka mikono nyuma, asiguse kipanya cha mwenzake hata kama roho inamtoka. Mzee Posta alijua simu za video kwa sababu alifundishwa na muuguzi mstaafu. Mama Vifungo, fundi cherehani wa miaka nenda miaka rudi, ndiye aliyemfundisha Mzee Posta kuandika herufi kubwa. Hapakuwa na mwalimu mwingine.

Kilichomkosesha raha Mama Vifungo ni mwanawe. Alikwenda nchi ya mbali kufanya kazi, na tangu hapo kila anachoulizwa hujibu kwa mkato. Unakaa na nani? Niko salama. Unakula nini? Nakula tu. Mama hakutaka zawadi. Alitaka kujua mwanawe anaishi vipi, na jambo hilo lilimkereketa usiku na mchana.

"Peleka mshale kwenye picha yake," alielekeza Mzee Posta. "Hapo hapo. Bonyeza. Taratibu, mama wee, hushoni gunia!"

Mwanawe akatokea, kichwa na kifua, ukuta mweupe nyuma yake. Alitoa shikamoo, akasema ana haraka. Kola ya shati lake ilikuwa imekunjika upande mmoja. Sasa, fundi aliyeanza kushona tangu usichana wake hawezi kuzungumza na kola iliyokunjika. Mama Vifungo alinyoosha mkono, akaupitisha ndani ya kioo cha kompyuta hadi upande wa pili, akamweka mwanawe kola sawa.

"Ahsante, mama."

"Usikishike kioo kwa vidole," Mzee Posta alionya. "Kinashika mafuta."

Baada ya hapo wakafundishana wote. Muuguzi alionesha kwamba ni vizuri kuvua bangili na kukunja mkono wa nguo kwanza. Mzee Posta aliingiza mkono wake akamtandika mjukuu wake kofi la kisogo kwa kuvuta sigara. Walijaribu na vichwa, lakini vichwa viligonga kioo, na muuguzi akatoka na nundu. Maktaba ikabandika tangazo kuwaomba wanaotumia mikono wasicheleweshe foleni.

Mama Vifungo akawa anamshonea mwanawe vifungo huku wakiongea. Yaani yeye ndiye aliyeongea.

"Geuza basi hiyo kamera nione nyumba yako."

"Nyumba ni nyumba tu, mama."

"Hata dirisha?"

"Dirisha nalo ni dirisha."

Mama Vifungo alirudi nyumbani akazunguka chumba kizima, akafua nguo zilizokwisha kufuliwa. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilimtia aibu, kwa kuwa kijana hakuwa amemtukana.

Siku moja kifungo kilimponyoka, kikaangukia upande wa pili. Akakitafuta kwa kupapasa, chini kabisa, pale picha isipofika. Vidole vyake vikakuta kitu cha moto. Ulikuwa wayo mdogo, laini, ambao bado haujakanyaga chini. Akapanda nao taratibu: goti, tumbo, nywele chache. Kisha kiganja kidogo kikamkamata kidole.

"Nani huyu?"

Mwanawe alitazama chini, kisha akatazama juu.

"Mama, usimwamshe."

"Una mtoto?"

"Nina kikao sasa hivi, mama. Tutaongea."

Akautoa mkono wa mama yake nje, kwa adabu, kama mtu anayemsindikiza mgeni mlangoni, na simu ikakatika. Mkono ulinuka maziwa. Mzee Posta aliinama akaunusa.

"Huyo mjukuu. Hongera, bibi!"

"Hongera ya nini, na sikuambiwa?" alisema Mama Vifungo. Akaunusa mkono na yeye, kisha akaunusa tena.

Darasa lililofuata, mwanawe ndiye aliyepiga simu kwanza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alikuwa amekisogeza kitanda cha mtoto hadi mezani, chini ya picha, mkono ufike. Kamera hakuigeuza.

"Mbembeleze kidogo, mama. Nimalize kazi."

Mama Vifungo alivua bangili, akabembeleza, bega likiwa limebanwa na kioo, macho yakitazama ukuta mweupe.

"Anaitwa nani?"

"Mtandao unasumbua, mama. Endelea hivyo hivyo, anakaribia kulala."

Ikawa hivyo kila darasa. Watu wa foleni walimwachia kompyuta ya kona, na Mzee Posta humletea kiti chenye mto. Kwa sasa mtoto ameota meno mawili ya chini. Mama Vifungo hakuambiwa na mtu. Ameng'atwa.