Saini Sita za Likizo

Fundi hakuwa na raha tangu alipoamka. Alisali, akafungua mlango wa barazani, akavuta cherehani hadi penye mwanga, lakini kila alipokaa aliona kama kiti kina moto. Ilikuwa siku ya mwisho ya likizo ndefu. Kesho shule zinafunguliwa, na sare za watoto kumi na mmoja zilikuwa bado zinamngoja: sketi za marinda, mashati yasiyo na vifungo, na kaptura moja ambayo mwenyewe alikuwa amenenepa tangu apimwe.

Binti yake wa pekee, ambaye mtaa mzima ulimwita Wakili kwa kuwa hashindwi na neno, alitoka ndani na daftari jeusi mkononi.

"Mama, nisaidie kitu kidogo tu. Tia saini hapa. Na hapa. Na hapa."

Alikuwa amefunika maandishi kwa kiganja, akiacha mstari wa chini tu. Fundi aliishia shule ya msingi, lakini kusoma alijua vizuri, na kitu akifichwa ndicho anachotaka kukiona kwanza. Akauondoa mkono wa mwanawe polepole, kama anayechomoa pini kwenye kitambaa.

Daftari lile lilikuwa shajara ya usomaji. Wakili alikuwa amechaguliwa kuingia mkondo wa juu wa fasihi, wanafunzi kumi na wawili tu katika shule nzima, na mwalimu wao aliwapa vitabu vitatu vya kusoma likizoni. Kila wiki mwanafunzi aandike alichosoma na alichowaza. Kila wiki mzazi atie saini chini ya maneno haya: *Nimemwona mwanafunzi akisoma.* Wiki sita, saini sita. Atakayeleta shajara isiyotimia anarudishwa darasa la kawaida.

"Nimemwona," Fundi akasoma kwa sauti. "Nilikuona lini?"

"Mama, hiyo ni taratibu tu. Wazazi wote wanatia. Hakuna anayesoma."

"Mimi nimesoma."

Msusi, jirani waliyegawana naye baraza, alikuwa anamsuka mteja huku masikio yote mawili yako kwao. "Si umtilie tu, dada yangu! Saini ni nini? Mimi ningemtilia hata ishirini, na mikia juu."

"Wewe ulishamsuka mtu upande mmoja ukamwambia ndio mtindo," Fundi akamjibu. "Nikufuate wewe nifike wapi?"

Mteja akaangua kicheko mpaka msusi akamvuta kichwa. "Tulia wewe, utatoka na mtindo huohuo."

Fundi akafungua wiki ya tatu. Binti aliandika vizuri, maneno yakiteleza kama hariri. *Jioni hii mvua inanyesha. Nimeketi dirishani na kitabu cha pili, na machozi yananitoka kwa ajili ya yule mjane.* Fundi akainua macho. Mvua gani? Wiki ya tatu jua liliwaka mpaka mbwa wa mtaani wakahamia chini ya meza yake. Na ndiyo wiki mkanda wa cherehani ulipokatika, Wakili akakaa siku tatu akizungusha gurudumu kwa mkono huku Fundi akishona.

"Kurasa hizi umeandika lini?"

Wakili akatazama barabarani. "Jana."

"Zote?"

"Na juzi kidogo."

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu."

"Na ya msema kweli je, Mama? Inaishia darasa la kawaida! Muda wa kusoma ningeutoa wapi? Nikifungua kitabu, 'Wakili, njoo unishikie hapa.' Nikifika ukurasa wa pili, 'Wakili, lete pasi.' Sisemi kwa ubaya. Nasema tu."

Fundi akageuka. Akarudi kwenye cherehani, sindano ikakatika. Akaweka nyingine, akashona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto. Akafumua. Akasimama, akaenda mlangoni, akasahau alichokifuata, akarudi. Kwamba hawezi kushuhudia uongo, hilo halikumsumbua. Kilichomkosesha utulivu ni kingine. Siku ya kufunga shule alisimama mbele ya yule mwalimu akasema kwa kinywa chake, "Nitampa saa mbili kila siku, wala usiwe na wasiwasi." Saa mbili! Hakumpa hata nafasi ya kumeza mate. Saini ile isingemsitiri mtoto peke yake. Ingemsitiri yeye pia, tena yeye kwanza.

Alasiri akaita, "Lete daftari. Na kalamu."

Wakili akaja mbio, meno yote nje. Fundi akainama, akaandika herufi zake zilizosimama wima, wiki baada ya wiki. *Nilimwona akisoma siku mbili, kisha nikamwita apige pasi. Sikumwona, alikuwa akipima wateja. Sikumwona, alizungusha cherehani; mvua haikunyesha. Vifungo, nilimwagiza mimi. Vifungo tena.* Na wiki ya sita: *Ameandika haya yote kwa siku mbili. Kosa lake ni hilo. Mengine ni yangu.* Kila mahali akatia saini.

Wakili akasoma mpaka mstari wa mwisho. "Mama, umenimaliza."

"Kesho tunakwenda wote."

"Bora usingetia kabisa!" Akaingia ndani, mlango ukalia nyuma yake.

Msusi akatikisa kichwa. "Makubwa haya. Mtu kumchongea mwanawe wa kumzaa!"

"Huenda," Fundi akasema, na sauti haikuwa na nguvu.

Asubuhi, mwalimu wa fasihi, mwanamke mwembamba ambaye wanafunzi walimwita Wino Mwekundu, alisoma shajara akiwa amesimama. Alisoma wiki zote sita, akarudi kwenye ya tatu. Fundi alikuwa akikunja pindo la gauni lake na kulikunjua.

"Mvua haikunyesha," mwalimu akasema, wala hakucheka. Akamgeukia binti. "Kipi umesoma kweli?"

"Nusu ya kile cha kwanza."

"Nieleze nusu hiyo."

Wakili akaanza kwa sauti ya chini. Kuna mke wa mlinzi wa ghala, anaficha barua zinazomtetea shemeji yake. Kisha sauti ikapanda yenyewe. "Nilimchukia, mwalimu! Anajiona mwema kwa sababu hajasema uongo, amenyamaza tu. Lakini kimya chake kinamfukuzisha shemeji yake kazi. Halafu mwandishi anataka tumwonee huruma. Mimi siwezi. Labda mbele kuna kitu, sijui, sikufika."

"Haya mbona hukuyaandika?"

"Niliona hayapendezi."

Mwalimu akaketi. Akazichana zile kurasa, moja moja, na kila mchano Fundi aliusikia kifuani. "Wiki tatu," akasema. "Vitabu vitatu, shajara mpya. Utakaa darasani kwangu, lakini jina lako haliingii kwenye orodha mpaka nione. Ukishindwa, darasa la kawaida, na sitaki maneno. Na wewe mama, uliniahidi saa mbili."

"Nilikupa mdomo tu, mwalimu. Zinaanza leo."

Alasiri waliochelewa kuchukua sare walijaa barazani. Baba wa ile kaptura akauliza, "Yuko wapi binti yako atupigie vifungo, tuondoke?"

"Anasoma."

"Si likizo imekwisha?"

"Kazi yake ndiyo imeanza."

Mama mmoja akavuta kitambaa chake mezani, akakikunja kwapani, akaenda zake kwa fundi mwingine. Fundi akamwangalia mpaka akapinda kona. Mara mbili jina la mwanawe lilimfika mdomoni. Mara zote mbili akalimeza, akakandamiza shati kwa magoti na kupiga vifungo mwenyewe, vingine vikikaa upande.

Saa kumi Wakili akatokeza mlangoni, kidole kati ya kurasa, amenuna.

"Sisemi na wewe bado."

"Sawa."

"Lakini huyu mwanamke amempa shemeji yake barua moja. Moja tu! Tena amechagua ile isiyo na maana."

Fundi akaondoa mguu kwenye kanyagio. "Kwa nini?"

"Ndiyo sijui! Na nimekasirika."

"Kasirikia huko ndani, mwanangu. Saa mbili hazijatimia."