Pembetatu Nyeusi

Sidanganyi: nilimwonea Nangila wivu mpaka chakula kikakataa kushuka. Mimi ndiye niliyemfundisha kupaka miraba na pembetatu katika chumba changu kule Nabuyonga, Mbale. Nilimwonyesha namna ya kubandika utepe ili ukingo unyooke, na kuubandua rangi ikiwa mbichi. Akahamia Jinja, na haukupita muda wakaanza kumwita msanii. Mimi huku bado naitwa mama wa rangi tu. Asante ya punda ni mateke!

Hoteli moja ya Jinja ikatafuta mchoraji wa maumbo wa kupamba kuta zake zote. Kazi ya mwaka mzima, jamani! Wakachuja wachoraji, tukabaki wawili, mimi na yeye. Nikajiambia, safari hii atanitambua.

Asubuhi ya uamuzi tuliegemeza picha zetu kwenye ukuta wa mapokezi. Nangila akanivuta kando.

"Dada Wilkista, hebu niangalilie. Kuna kitu kinanikera na sijui ni kipi."

Mimi nilikuwa nimekiona zamani. Pembetatu ya katikati aliipaka kijivu, ikazilaza rangi nyingine zote. Ilitaka nyeusi. Nyamaza, Wilkista! Mwambie ni nzuri, uende zako! Nikageuka nitazame dirishani, lakini wapi, macho yakarudi palepale. Kitu kibovu kama kile ningekiachaje?

"Lete brashi," nikamfokea. "Na nyeusi. Haraka, wewe!"

Nikabandika utepe, nikapaka, nikaubandua. Picha ikaamka. Nangila akashika mdomo, na mimi nikajua nimejimaliza.

Bwana Norman, mwenye hoteli, akaingia. Yangu aliipitia kwa adabu. Ya Nangila ilimsimamisha muda mrefu, kisha akanyoosha kidole kwenye ile pembetatu.

"Usiguse, ni mbichi!" nikapiga kelele.

Akacheka. "Hii ndiyo imeniteka. Binti, ulijuaje kwamba nyeusi itakaa hapa?"

Nangila akaniangalia. Nikamkazia macho. Sema basi! Sema ni mkono wa nani!

"Nilihisi tu, bwana," akajibu.

Bwana Norman akampa mkono, kazi ikawa yake. Watu wa hoteli wakashangilia. Nikamwonea wivu tena, nao wivu wenyewe ulikuwa wa kazi yangu mimi. Nikapiga makofi pamoja nao, vidole vyangu vimejaa rangi nyeusi, na hakuna hata mmoja aliyevitazama.